Maji ya Ngarambe, Kalamu ya Mingoyo

Wiki tatu kabla ya mtihani wa taifa wa kidato cha nne, mdogo wangu alinipigia simu kutoka nyumbani Mingoyo akaniomba shilingi elfu thelathini. Nikamuuliza za nini. Akasema za kalamu.

"Kalamu gani ya elfu thelathini?"

Akanyamaza. Kisha, kwa sauti ya mtu anayezungumza huku akiangalia mlango, akanieleza kwamba kuna mzee upande wa njia panda anazichukua kalamu za watahiniwa, anazilaza usiku mmoja ndani ya maji ya dawa, anazisomea, asubuhi anazirudisha. Ukiingia nazo kwenye chumba cha mtihani mkono hautetemeki, na majibu yanakuja. Kuna masharti. Usimwazime mtu kalamu hiyo. Usile samaki asiye na magamba mpaka mtihani wa mwisho uishe. Na usimwambie mtu.

"Sasa nimeshakwambia, dada," alimalizia. "Sijui kama hapo sijaharibu."

Nilicheka, halafu kicheko kikaniisha. Simu yake ilikuwa imenikuta chuoni Dar es Salaam, mezani kwangu kumejaa kurasa za masimulizi ya Vita vya Maji Maji, vita ninavyoviandikia tasnifu yangu ya uzamili. Maji, masharti, siri. Kwa miezi minane nilikuwa nikisoma habari za watu waliokufa wakiwa wameshika mambo hayo matatu, na sasa kijana wa miaka kumi na saba wa tumbo moja nami ananiambia anayataka kwa mtihani wa Hisabati. Nikamwambia nitampigia kesho. Usiku ule sikulala vizuri. Mengi ya ninayoyaandika hapa nilianza kuyawaza usiku huo.

*

Ukisafiri kwa basi kutoka Dar es Salaam kwenda Lindi, ukishavuka mto Rufiji na kuelekea Somanga, upande wako wa kulia, mbali, iko milima ya Matumbi. Nyuma ya milima hiyo, kaskazini-magharibi, ndiko Ngarambe. Abiria wengi hupita wamelala. Huko ndiko alikoishi Kinjikitile Ngwale.

Masimulizi ya wazee yanasema kwamba mwaka 1904 Kinjikitile alichukuliwa na pepo aitwaye Hongo, akavutwa akaingia ndani ya bwawa la mto. Ndugu zake wakamtafuta bila kumpata. Kesho yake akatoka majini, nguo zake kavu, akaanza kusema mambo ya kinabii: kwamba wazee waliokufa wapo na watarudi, kwamba watu wote wa nchi hii ni wamoja, kwamba Mjerumani atashindwa. Akawapa watu dawa. Ilikuwa maji, pamoja na mahindi na mtama. Waliambiwa kwamba aliyepakwa na kunyweshwa dawa hiyo, risasi ya Mjerumani ingemgusa igeuke maji.

Sisi tuliosoma historia hiyo shuleni tulifundishwa sentensi moja tu: watu walidanganyika, wakaamini maji, wakafa. Kwenye mtihani sentensi hiyo huandikwa chini ya kichwa "Sababu za kushindwa", namba moja au mbili, na mwalimu huweka tiki. Haituelezi kwa nini watu wazima, wakulima na wawindaji waliozijua bunduki na kazi yake, walikubali kitu kama hicho. Kulijibu hilo lazima turudi nyuma kidogo.

Kufikia mwaka 1904, pwani hii ya kusini ilikuwa na ushahidi wa kutosha wa jambo moja: anayepigana na Mjerumani hushindwa. Mwaka 1888 watu wa Kilwa waliinuka pamoja na wenzao wa pwani, na uasi ule ukazimwa. Mwaka 1895 Hassan bin Omari Makunganya alinyongwa Kilwa Kivinje, kwenye mti ambao mpaka leo watu wanauita Mwembe Kinyonga. Huku kwetu kwenye uwanda wa juu ya Lindi, Machemba, mtawala wa Kiyao, aliwasumbua Wajerumani kwa miaka karibu kumi, na mwaka 1899 ikambidi avuke Ruvuma kuingia Msumbiji. Kila mmoja alipigana na watu wake, kwa wakati wake, na kila mmoja akaondolewa peke yake. Halafu zikaja kodi, na maakida waliokusanya kodi hizo kwa kiboko. Kuanzia 1902 yakaja mashamba ya pamba ya serikali, ambayo watu walilazimishwa kuyalima kwa malipo duni huku mashamba yao wenyewe yakingoja.

Kwa hiyo watu wa Matumbi hawakuhitaji mtu wa kuwaambia kwamba wanaonewa. Kila siku iliwaambia. Walichokikosa ni sababu ya kuamini kwamba safari hii wanaweza.

*

Mwaka 1977 mwanasaikolojia Albert Bandura, aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani, alichapisha makala kuhusu imani ya mtu juu ya uwezo wake mwenyewe. Alifikia wazo lake kwa kufanya kazi na watu wenye hofu kubwa ya nyoka. Hakuwahubiria. Aliwapandisha ngazi: kwanza wamwangalie nyoka kupitia kioo, halafu wasimame mlangoni, halafu waingie chumbani, wamguse kwa glavu, wamguse kwa mkono mtupu, mwisho akae mapajani mwao. Watu waliokuwa wameikimbia nyasi ndefu kwa miaka mingi walipona kwa saa chache. Na wengine wao, alishangaa kuona, walipata ujasiri hata kwenye mambo yasiyohusiana na nyoka kabisa.

Bandura alisema imani hiyo hutoka kwenye chemchemi nne. Ya kwanza, na yenye nguvu kuliko zote, ni kufanya jambo mwenyewe ukaona limewezekana. Ya pili ni kumwona mwenzako, mtu kama wewe, akilifanya. Ya tatu ni kuambiwa na mtu unayemwamini kwamba utaweza. Ya nne ni habari unazopewa na mwili wako: moyo unaodunda, mkono unaotetemeka, au utulivu. Na alitenganisha mambo mawili ambayo sisi tunayachanganya. Kuamini kwamba mimi ninaweza kufanya tendo fulani ni jambo moja. Kuamini kwamba matokeo fulani yatakuja ni jambo lingine. Mtu anaweza kuamini kwa moyo wote kwamba mvua italeta mavuno, na bado asijiamini kwamba anaweza kushika jembe.

Niliposoma hayo na kurudi tena kwenye masimulizi ya Matumbi, niliona kwamba Ngarambe zilikuwepo chemchemi zote nne.

Habari za Kinjikitile zilienea kwa mnong'ono, ambao Wamatumbi wenyewe waliuita njwiywila: mtu alimnong'oneza jirani, jirani akamnong'oneza shemeji, na hakuna akida aliyejua. Hiyo ilikuwa sauti ya mtu unayemwamini. Watu wakaanza kwenda Ngarambe kwa makundi. Huko mtu aliyedhani ukoo wake peke yake ndio wenye hasira alikuta umati, watu wa Matumbi na Wangindo na watu wa bonde la Rufiji, wote wamekuja kwa jambo lile lile. Hiyo ilikuwa kumwona mwenzako. Kulikuwa na likinda, mazoezi ya vita yaliyoonekana kwa mbali kama ngoma, ambamo vijana walijifunza kwenda pamoja, kuinama pamoja na kusimama pamoja. Hapo ilianza ile ya kufanya mwenyewe. Na maji yenyewe yaliutuliza mwili.

Kisha ikaja ngazi ya kwanza halisi. Julai 1905, kijijini Nandete, Ngulumbalyo Mandai na Lindimyo Machela waliingia kwenye shamba la pamba wakang'oa mipamba michache. Hawakuua mtu wala hawakuchoma nyumba. Waling'oa mipamba, lakini kila aliyeona alielewa kwamba vita vimetangazwa. Ukiwa umelima pamba ya mwenzio kwa kiboko kwa miaka mitatu, mkono wako kuung'oa mpamba ule na mbingu zisianguke ni jambo kubwa mno.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Mji mdogo wa biashara wa Samanga ukachomwa. Boma la Liwale likateketezwa. Tarehe 14 Agosti Askofu Cassian Spiss na wenzake wanne waliuawa wakiwa safarini kwenye nchi ya Liwale. Mwisho wa mwezi huo vita vilikuwa vimefika bonde letu la Lukuledi, na misheni ya Nyangao, iliyo juu ya Mtama kwenye barabara hii hii inayopita Mingoyo kwenda Masasi, ilishambuliwa na kuchomwa. Mtawa mmoja alipoteza maisha, na wamisionari wakakimbilia Lindi. Eneo ambalo Wajerumani walilitawala kwa askari wachache na maakida liliwaponyoka kwa wiki nne.

Kinjikitile mwenyewe hakuyaona. Alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita vikiwa havijamaliza hata wiki mbili. Inasimuliwa kwamba alisema kabla ya kufa kuwa kumuua hakusaidii kitu, kwa sababu dawa yake imeshafika mbali. Kwa hilo alisema kweli.

*

Tarehe 30 Agosti 1905, boma la Mahenge lilishambuliwa na maelfu ya wapiganaji, wengi wao Wapogoro na Wambunga. Ndani ya boma kulikuwa na kikosi kidogo na bunduki mbili za rashasha, zile ambazo watu wa zamani waliziita bombomu. Wapiganaji walikuja kwa mistari, wazi, mchana, kama watu wasio na sababu ya kujificha. Walianguka kwa mamia.

Mwaka mzima nimeisoma habari ya Mahenge na sijaweza kuizoea. Ninachokiona pale ni namna maji yalivyokuwa yamefanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Kazi ya kwanza ilikuwa kuwaambia watu: mnaweza kusimama pamoja. Hiyo ilikuwa kweli, na ilipimwa, na ilithibitika Nandete na Samanga na Liwale. Kazi ya pili ilikuwa kuwaambia: risasi haitaingia. Hiyo haikuwahusu wao na uwezo wao hata kidogo. Ilihusu risasi. Lakini kazi hizo mbili zilifungwa kwa kamba moja, na ya pili ilipokatika iliivuta ya kwanza ikaanguka nayo.

Wala haikukatika mara moja, na hapo ndipo penye funzo gumu kuliko yote. Dawa ilikuwa na masharti: usipore, usilale na mwanamke wakati wa vita, usigeuke nyuma. Mtu alipokufa kwa risasi, wenzake waliambiwa kwamba alivunja sharti. Kwa jibu hilo, kila kifo kiliacha dawa salama na kumtia marehemu hatiani. Kama hakuna kinachoweza kutokea kikaonyesha kwamba dawa ina kasoro, basi hakuna unachoweza kujifunza kutoka kwenye dawa hiyo. Unaendelea kwenda mbele kwa mistari, mchana, wazi. Na siku imani hiyo ikifika mwisho, hufika ghafla. Oktoba mwaka huo, Wangoni waliposhambuliwa usiku kwenye kambi yao, walitawanyika wakilalamika kwamba maji ni uongo.

Kitabu cha shule huishia hapo. Vita vyenyewe havikuishia hapo. Viliendelea hadi 1907, karibu miaka miwili baada ya Mahenge. Huko Ungindo, Abdallah Mapanda na watu wake hawakwenda tena kwa mistari. Walipigana wakitokea msituni, wakavizia misafara, wakapiga na kutoweka, wakategemea mambo waliyoyajua kwa hakika: njia za wanyama, visima vya kiangazi, usiku. Mapanda aliuawa Januari 1907. Watu wale hawakuwa na maji tena, au kama waliyabeba hawakuyategemea kuzuia risasi. Walikuwa na kile walichokiokota njiani wakati maji yangali na nguvu, yaani kujua kwamba Mjerumani hufa, hukimbia, huishiwa chakula, na kwamba wao wanaweza kumfanyia hivyo.

Hawakushinda. Jeshi la Kijerumani liliacha kuwatafuta wapiganaji likaanza kuchoma mashamba na maghala, na njaa ikamaliza kazi ambayo risasi hazikuimaliza. Tarehe 27 Februari 1906 viongozi wa Kingoni walinyongwa Songea kwa pamoja. Serikali ya Kijerumani ilikadiria kwamba waliokufa ni 75,000. Mwanahistoria Gilbert Gwassa, aliyekusanya masimulizi ya Matumbi kuliko mtu mwingine yeyote, alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Lakini mashamba yale ya pamba ya kulazimishwa yaliachwa, na gavana mpya aliyeletwa alikuja akijua kwamba watu hawa huweza kuinuka.

*

Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, vijana wa umri wangu au wadogo zaidi, walitawanyika vijijini wakiwa na madaftari kuwahoji wazee walioviona vita vile. Mwaka uliofuata Ebrahim Hussein, mtoto wa pwani hii hii ya kusini, alichapisha tamthilia yake *Kinjeketile*. Humo Kinjeketile anatambua kwamba maji yake hayawezi kuzuia risasi, na wakati huo huo anaona kwamba neno lake limeshawaunganisha watu na haliwezi kurudishwa mdomoni. Mwishoni, akiwa mikononi mwa Wajerumani, anatakiwa aseme kwamba maji ni uongo, na anakataa. Anaogopa kwamba akisema hivyo, watoto watakaozaliwa wataambiwa kwamba baba zao walikosea kupigana.

Niliisoma tamthilia hiyo nikiwa kidato cha tano na nikadhani Kinjeketile ana kiburi. Usiku ule wa simu ya kalamu nilimwelewa kuliko nilivyotaka.

Maana nilijua jambo moja kuhusu mdogo wangu ambalo mwalimu wake hakulijua. Mtoto yule alikuwa ameshaacha kujiamini tangu zamani. Kwenye mtihani wa majaribio alipata F ya Hisabati, na alipoirudisha karatasi nyumbani maswali mengi yalikuwa matupu, hata ambayo nina hakika aliyajua. Na nilijua pia alikolitoa. Mimi mwenyewe nilipokuwa kidato cha pili, mwalimu mmoja alisimama mbele ya darasa akasema kwamba watu wa Kusini tumeumbiwa ngoma na korosho, hesabu tuwaachie wenyewe. Darasa zima lilicheka, nami nikacheka. Nilichukua miaka kuelewa kwamba nilikuwa nimemwamini. Kila nilipokutana na swali gumu nilisikia sauti yake, nikaliruka, na kuliruka kwangu kukawa ushahidi kwamba alisema kweli. Hiyo nayo ni dawa yenye masharti: hakuna kinachoweza kutokea kikaonyesha kwamba ni ya uongo, kwa sababu mtu hajaribu.

Basi nimwambie kwamba kalamu ile ni kalamu tu? Nikisema hivyo wiki tatu kabla ya mtihani, nitakuwa nimemnyang'anya kitu pekee kilichomfanya, kwa mara ya kwanza mwaka ule, aitaje Hisabati bila kuinamisha kichwa. Ninyamaze nimtumie hela? Hapo nikafikiria matokeo. Akifeli, atasema amevunja sharti, atamkumbuka samaki fulani, au atakumbuka kwamba alimwambia dada yake. Akifaulu, kalamu ndiyo itakuwa imefaulu, na mtihani unaofuata atahitaji kalamu nyingine. Kwa vyovyote hatajua lolote kuhusu nafsi yake. Hilo la pili ndilo lililoniuma zaidi. Sikuwahi kufikiri kwamba dawa inaweza kumwibia mtu hata ushindi wake.

Asubuhi nilimpigia Bibi badala yake.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umeshaambiwa habari za mume wangu na kalamu zake?"

Alikuwa anajua. Bibi hujua kila kitu Mingoyo, na mdogo wangu ni mume wake kama ilivyo kwa wajukuu wote wa kiume. Nikamuuliza anaonaje.

"Mimi nitamfanyia kombe," alisema. "Kama nilivyokufanyia wewe."

Nilikuwa nimesahau. Alfajiri ya mtihani wangu wa kidato cha nne, Bibi alimleta maalim akaandika aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, akaziosha kwa maji, nami nikanywa. Nikamuuliza, kwa uangalifu, kombe na kalamu vina tofauti gani. Akakaa kimya kidogo, nikasikia kuku nyuma yake.

"Kombe ni kumwomba Mungu akutulize. Hakuna aliyesema Mungu atakuja kukuandikia."

Halafu akanikumbusha cheti chake. Kiko ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda, kimefungwa kwenye kanga, nami nilikiona mara moja nikiwa mtoto. Bibi hakusoma shule. Sensa ya 1967 ilionyesha kwamba karibu theluthi mbili ya watu wazima wa Tanzania hawajui kusoma wala kuandika. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na madarasa yakafunguliwa kila mahali, kwenye shule, kwenye ofisi za TANU, chini ya miembe, jioni watu wakitoka shamba. Walimu wengi walikuwa vijana waliomaliza darasa la saba. Mwaka 1975 ukafanyika mtihani wa taifa wa kisomo, wenye hatua nne, na mtu alipanda hatua moja baada ya nyingine. Kufikia 1986 wasiojua kusoma walikuwa wamebaki kama mmoja kati ya kumi. Bibi yangu yumo kwenye hesabu hiyo.

"Siku ya mtihani ule ulikunywa kombe?" nilimuuliza.

"Nilikunywa. Lakini nilikuwa nimeshaandika jina langu kwenye mchanga mwaka mzima. Nikifagia uwanja, naandika kwanza, ndiyo nafagia. Siku ya kwanza herufi moja. Mkono ulikuwa unatetemeka kama wa mgonjwa. Ilipofika ile siku, mkono ulikuwa umeshazoea."

Bibi hamjui Bandura.

*

Zile elfu thelathini nikaziongezea kidogo zikawa nauli. Niliteremka Mnazi Mmoja jioni, pale barabara ya kutoka Lindi inapogawanyika, moja kwenda Mtwara na nyingine Masasi, wauza korosho wakiyakimbilia madirisha ya mabasi. Nilikaa nyumbani siku kumi. Sikumwambia mdogo wangu kwamba kalamu ile ni uongo. Nilimwambia nimekuja na dawa nyingine, na kwamba yangu haina siri.

Nilikuwa nimebeba karatasi za mitihani iliyopita. Tulianza na swali moja tu kwa siku, lile ambalo nilijua ataliweza: kujumlisha sehemu, kazi ya kidato cha kwanza. Alikasirika, akaniambia namfanya mtoto. Siku ya tatu tulifanya matatu. Siku ya tano akaingia swali la milinganyo, akakwama, akataka kuruka. Nikamwambia aandike hata mstari wa kwanza anaoujua. Akauandika. Akauangalia. Akaandika wa pili. Nje giza lilikuwa limeshaingia, Bibi akaleta taa akakaa kwenye mkeka bila kusema neno, akituangalia kama mtu anayetazama mechi.

Siku ya saba alimaliza karatasi nzima kwa saa tatu. Tulipoisahihisha alikuwa amepata zaidi kidogo ya theluthi moja. Aliihesabu mwenyewe mara mbili. Kisha akasema, kwa mshangao wa kweli, "Kumbe ile sehemu ya takwimu naijua."

Alfajiri ya mtihani wa Hisabati mimi nilikuwa nimesharudi Dar es Salaam. Maalim alikuja, sahani nyeupe ikaandikwa, mdogo wangu akanywa kombe. Habari za yule mzee wa njia panda sikuziuliza.

Matokeo yalipotoka alikuwa amepata D. Mahali pengine D ya Hisabati hufichwa. Kwetu ilipikiwa pilau, na Bibi aliwapelekea majirani sahani wakiwa hata hawajauliza kuna nini. Nilipompigia simu kumpongeza, nilishindwa kujizuia, nikamuuliza aliingia na kalamu gani.

"Nilikuwa nazo mbili, za dukani," alisema. "Moja nilimwazima mwenzangu pale mlangoni, yake ilikuwa imekauka wino."

"Alikurudishia?"

"Hajarudisha mpaka leo," akasema, akacheka.